Umri wa Kuonekana

Erie, Pennsylvania, Februari. Theluji imekifika shingoni kisanduku cha barua.
Bwana Wrobel ananifungulia mlango wa nyuma;
ule wa mbele, anasema, umevimba tangu Krismasi.
Naandika: mlango wa mbele, umevimba.
Anaona nimeandika. Anaujutia ulimi wake.

Kazi yangu ni namba. Daraja la kwanza ni nyumba
ambayo bado inanuka rangi, haijalaliwa na mtu.
Daraja la sita ni nyumba ambayo hata paka ameihama.
Katikati humo ndimo tunamoishi sisi wengine,
na benki inataka tarakimu moja, bila hadithi.

Naelekeza leza ukutani. Doa jekundu linarukia kabati:
futi kumi na moja na inchi nne.
Baba yangu, mwashi wa Korogwe, angeugonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
kisha akasikiliza. Leza haisikilizi.
Nikibaki peke yangu chumbani, nagonga.

Jikoni: vigae vitatu vimeatuka. Sinki kuukuu, safi.
Bafuni: chuma cha kujishikilia, kakifunga mwenyewe,
skrubu nne, moja imepinda.
"Cha Leona," anasema.
Fomu haina nafasi ya Leona.
Ina nafasi ya ukarabati wa miaka kumi na mitano iliyopita.
Naandika: chuma.

Kisha fomu inauliza umri.
Mwaka wa kujengwa, 1926.
Umri wa kuonekana: hapo sasa.
Nyumba ya karne nzima huweza kuonekana ya miaka thelathini
ikipata mtu wa kuihangaikia.
Namtupia mzee jicho la wizi. Themanini na miwili, kanidokeza ngazini.
Kwa magoti, tisini.
Kwa anavyonikingia mlango wa kwenda chini, kumi:
mtoto aliyevunja bilauri.

"Huko chini hakuna kitu."

Huko chini ndiko nyumba husema kweli.

Sakafu ya saruji, rangi ya kijivu, tabaka juu ya tabaka.
Tanuri linaguna. Ukungu hakuna; nanusa mara mbili.
Ila ukuta wa mashariki umevaa kalenda
ya duka la misumari, Machi 2011,
nyuma ya tanuri, gizani, ambako hakuna asomaye tarehe.
Wahenga walisema usipoziba ufa.
Hawakusema lolote kuhusu kuuziba kwa kalenda.

"Niitoe?"
Anaitoa mwenyewe, taratibu, kama anayemvua mgonjwa shati.

Ufa. Unapanda ngazi kwa ngazi kufuata matofali, upana wa sarafu.
Na pembeni yake, penseli:
kistari, 1983. Juu yake kistari, 1988. Juu yake, 1994.
Mwandiko mwembamba, umelalia kulia, wa mtu aliyefundishwa na masista.
2003.
2009: kistari kimekaa juu ya kistari, na neno moja, *Umesimama*.
Halafu mwandiko mwingine, mnene, wenye kutetema.
2014, palepale. 2019, palepale. Mwaka jana, palepale.

Nimekagua nyumba elfu mbili na ushei,
na kila moja nimelipwa.

"Nilidhani ukiuona utanishusha."
"Nisingeziona hizi alama, ningekushusha."

Picha ya arobaini na moja, rula pembeni.
Naandika: ufa wa zamani, hausogei, kumbukumbu zipo ukutani.
Programu haitaki maneno. Inataka ndiyo, hapana, au haijulikani.
Nabonyeza ndiyo,
ingawa swali lilihusu kitu kingine.

Daraja la nne.
Umri wa kuonekana: thelathini na tano. Nafuta. Arobaini.

Juu, kahawa imeshamiminwa. Kanuni hairuhusu.
Nainywa nikiwa nimesimama.

Nje, nafuta theluji kwenye kioo cha gari
na taa ya chini inawaka tena, kwenye kidirisha kilichofukiwa nusu.
Naziona suruali zake tu, na mkono,
kisha anainama: kwapani kalenda,
mdomoni penseli.